Ukurasa Uliokataliwa Kila Asubuhi

3 Machi

Shikamoo Baba,

Hujambo huko? Miguu je, bado inavimba? Mimi mzima, ila kazi imenibana.

Nimemaliza kuweka ukuta wa mtandao kwenye kompyuta za darasa lako. Nimefuata orodha ya mwalimu mkuu: tovuti ishirini na mbili tu ndizo zinazofunguka, nyingine zote zinakataliwa, na mimi huku ofisini naona kila aliyegonga mwamba. Wanafunzi wako watanilaani. Waambie mimi natumwa tu.

Binti yako

5 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Miguu imepungua, nashukuru. Mwanafunzi mmoja kaniuliza kama aliyefunga ukuta ana watoto. Nikamwambia hana hata mume, ndiyo maana. Usinune.

Darasa limetulia ajabu.

Baba yako

19 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini hujambo. Kuna jambo linaninyima raha. Kompyuta namba moja, saa moja kasorobo kila asubuhi ya shule, mtu anaomba ukurasa uleule: dalili za ugonjwa wa kusahau. Ukuta unamkataa, kesho yake anarudi. Mara kumi na moja sasa. Nadhani ni mwanafunzi, pengine bibi yake anaumwa na hana wa kumwuliza. Mtafute taratibu, Baba, usimtishe.

Binti yako

27 Machi

Shikamoo Baba,

U mzima kweli? Siku nane kimya, wewe unayejibu hata barua pepe za matangazo! Mwalimu mkuu anataka orodha ya waliokataliwa keshokutwa, Ijumaa. Atamsimamisha mtoto huyo mbele ya wenzake, unamjua alivyo. Niambie ni nani, nikamwombee mapema. Moyo haunitulii.

Binti yako

28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mwili hauna neno.

Hakuna mtoto. Watoto huingia saa moja na nusu. Namba moja ni ya mezani kwangu.

Mwezi uliopita nilisimama mbele ya darasa na chaki mkononi, sikumbuki nafundisha nini. Juzi nimemwita msichana wa dawati la mbele kwa jina la marehemu mama yako. Akacheka, nami nikacheka.

Utauliza kwa nini sisomi kwenye simu. Kwenye simu ukurasa ungefunguka. Hapa nabonyeza, ukuta wako unanikatalia, nami naingia kufundisha nikijiambia nimejaribu. Naogopa, mwanangu. Sijawahi kukuambia neno hilo.

Orodha mpe mkuu. Kazi ni kazi, usinifichie.

Baba yako

28 Machi, alasiri

Shikamoo Baba,

Leo sikuulizi hali, umeshaniambia. Nimelia hapa ofisini mpaka wenzangu wakaniletea maji. Nilikuwa namtafuta mtoto wa watu, kumbe ni wewe.

Mkuu nimemwomba asubiri hadi Jumatatu. Utamwambia mwenyewe, nami nikiwa kando yako, tukitoka kwa daktari. Nafasi nimeshakuwekea, na Jumapili nafika kwa basi la kwanza. Ukurasa ule sijaufungua, na kwenye simu usiuguse. La kusikia tutalisikia wawili.

Kesho saa moja kasorobo iache kompyuta. Nipigie mimi, nitapokea.

Binti yako