Vichwa vya Kijani vya Verl Tveit

OFISI YA SHERIFU, STOVALL, MONTANA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Lorna Haugen
Umri: Miaka 61
Kazi: Mtengeneza nywele, pia katibu wa klabu ya shabaha
Makazi: Nyuma ya saluni yangu, Mtaa wa Pili, Stovall

Nimeonywa niseme kweli tupu. Onyo hilo mngempa mtu mwingine, lakini nashukuru.

Mnamo tarehe 14 Juni 2025, siku ya Jumamosi, majira ya saa tatu asubuhi, nilikuwa uwanja wa klabu nikipika chapati za maji za wanachama. Kabla sijafika kwenye mlipuko, lazima niseme Verl Tveit ni nani, maana naona mmemwandika kwenye faili kama mtu wa hivi hivi.

Verl ni fundi mstaafu wa mabasi ya shule. Risasi za dukani zimekuwa ghali, na mtu asiyefanya mazoezi hana haki ya kushika bastola. Kwa hiyo sisi wa kundi la Alhamisi, wengi wetu wajane, huokota maganda tuliyokwisha kupiga, tukampelekea pamoja na baruti na vichwa alivyotuagiza tununue, naye akatushindilia risasi upya kwenye gereji yake. Hauzi. Hupokea pai ya cheri, na hata hiyo ikiwa mbichi katikati huirudisha.

Kichwa ndicho kinachoruka, ganda hubaki. Wengi huchagua kichwa kwa bei. Verl huanza na bastola. Huifungua, huchungulia mtutu, huupima, kisha hudondosha risasi moja humo ndani na kuisikiliza. Ikilia tok na kuzunguka kwa kidole, anatabasamu. Isipolia hivyo, anaanza upya.

"Mtutu ndio unaochagua, Lorna," huniambia. "Mimi na wewe ni wapambe tu."

Arlys Beck ana miaka 79 na baridi yabisi ya viganja. Alikuwa ameshaacha shabaha. Verl akamchagulia kichwa kizito kinachokwenda taratibu, bastola ikawa inamsukuma badala ya kumpiga. Siku ile Arlys alilia, nami nikalia, Verl akaenda kufagia maganda. Sijaona mwanamume mwenye huruma ya namna hiyo ndani ya gereji.

Vichwa vyenye koti nene la shaba anasema ni vya sherehe. Vile vya madini ya risasi matupu, vya kijivu, ni rahisi kuliko vyote, lakini si kila mtutu unavikubali. Sisi hutuchagulia vya madini hayohayo vilivyopakwa rangi na kuokwa. Ni bei ya maskini na mtutu unabaki safi. Rangi ya Verl ni kijani. Kila anayeshindilia klabuni ana rangi yake, ili risasi ijulikane ni ya nani. Na tuna mwiko mmoja: hupigi risasi ya mtu usiyemjua.

Curtis Pahl ni mume wa Janelle, binti pekee wa Verl. Mwezi wa nne nilikuwepo gereji alipoomba ashindiliwe za kijivu. Verl alichungulia mtutu wake, akasema, "Huu hapana. Madini yataganda humo ndani mpaka upasuke." Akampa za kijani ndani ya kopo la kahawa lenye jina lake, VERL.

Curtis akacheka. "Baba, tunakwenda kupiga shabaha au kupamba mti wa Krismasi?"

Sasa Jumamosi. Curtis aliegesha gari karibu na jiko langu, akafungua buti, akamimina risasi kutoka mfuko wa plastiki ndani ya kopo lile lile. Za kijani zilikuwa zimemwishia, na zamu ya kushindiliwa hakutaka kuingoja.

Nikamuuliza, "Hilo si kopo la mkweo?"

"Kopo zuri halitupwi, Mama Lorna."

"Na hizo za kijivu?"

"Za jamaa mmoja kwenye mnada wa bunduki. Nusu bei."

"Jamaa gani?"

"Jamaa tu! Ana kofia."

"Rahisi ghali, Curtis. Usizipige hizo."

"Na wewe chapati zako zinaungua."

Zilikuwa zinaungua kweli. Nilipoinua macho alikuwa ameshafika mstari wa kupigia.

Alipiga kwa muda mrefu. Verl alikuwa amekaa benchini, mbali kidogo, na kikombe chake. Nilimwona akiinua uso ghafla. Mlio ulikuwa umebadilika. Mimi sikuutambua, yeye aliutambua. Alisimama, kikombe kikaanguka, akapiga kelele, "Acha! Curtis, weka chini!" Curtis alikuwa amevaa viziba masikio. Alivuta tena, na bastola ikampasukia mkononi.

Verl alikuwa wa kwanza kumfikia. Alivua mkanda wake akamfunga mkono juu ya kiwiko, huku akimwambia, "Nitazame mimi, mwanangu, usiutazame mkono." Madaktari wamesema bila mkanda ule tungekuwa tunazungumza mengine.

Afisa alipofika akauliza kopo ni la nani. Verl akajibu, "Langu," akanyamaza. Huko hospitali Curtis akasema risasi ni za baba mkwe. Jumapili mkabeba mashine ya Verl ya kushindilia, na nasikia anaweza kushtakiwa kwa uzembe. Sijui kama yupo aliyefungua lile kopo. Lifungueni, mimi nikiwa hapa.

Jana jioni nilimfuata Verl nyumbani. Nilikuwa nimewaka. Nikamwambia, "Wewe mtu, mbona husemi?"

Alipangusa meza kwa kiganja. Kisha akasema, "Janelle ataishi na mume mwenye mkono mbovu. Nikisema, ataishi pia na mume mwongo."

Nampenda Verl kwa jibu lile, na limeniudhi mpaka sasa. Lakini mimi si mkwe wa mtu, kwa hiyo nimekuja kusema.

Nimesomewa maneno haya na ni yangu, hata yale makali.

Sahihi: L. Haugen
Tarehe 17 Juni 2025

MAELEZO YA AFISA: Nimeandika haya kama shahidi alivyoyatamka. Kopo limefunguliwa mbele yake. Risasi zote zilizomo ni za kijivu. Hakuna ya kijani. Natamka kuwa mama yangu mzazi ni wa kundi la Alhamisi, hivyo faili nalikabidhi kwa afisa mwingine. Shahidi alipokuwa akitia sahihi, Curtis Pahl alifika kaunta na mkewe, akaomba kubadilisha maelezo yake. Hawezi kushika kalamu. Mkewe amevuta kiti na kusema ataandika yeye.

Naibu Sherifu D. Kirchner