Gari la Marehemu Baba Linavuja, na Mama Ameshajiandaa Kupanda

Bi Rukaiya mpendwa, shikamoo. Nakuomba unishauri kabla sijaumbuka mbele ya ukoo mzima, maana hili nimejiingiza mwenyewe na sasa sioni pa kutokea.

Mimi ni fundi wa boti hapa Chiwanda. Marehemu baba alituachia gari dogo la zamani la gia za otomatiki, likakaa juu ya mawe nyuma ya nyumba mpaka kuku wakaanza kutagia kwenye kiti cha nyuma, kaka yangu Wendelin anayeishi Mbinga akasema tuwauzie watu wa vyuma chakavu, mimi nikakataa, nikasema nitalifufua mwenyewe hapahapa nyumbani, na kweli injini iliwaka, nikaliendesha hadi kanisani na kurudi, mama akalia kwa furaha, na kuanzia siku hiyo akasema kwamba siku ya upadirisho wa Erasmo huko Mbinga atapanda gari la mumewe na si jingine. Erasmo ni yatima, mtoto wa marehemu dada yetu, na mama ndiye aliyemlea tangu ananyonya.

Shida ni kwamba gari linavuja oili ya gia, ile nyekundu. Mwanzo yalikuwa matone tu kwenye sampo, lile bakuli la chuma lililo chini ya giaboksi, nikalinyanyua gari kwa jeki, nikaliegesha juu ya magogo tunayotumia kushushia boti ziwani, nikaingia chini, nikakaza bolti za sampo kwa nguvu zangu zote, likavuja zaidi, basi nikafanya ninachokijua, nikachemsha lami, nikachukua pamba, nikashindilia kila mahali palipokuwa na unyevu kama ninavyoziba nyufa za mbao, hata kale kamrija kadogo kalikochomoza juu ya giaboksi, ambako kalikuwa kanatoa mvuke wenye mafuta, nako nikakaziba vizuri kabisa. Siku chache pakawa pakavu, nikatamba kijiweni. Halafu nikaenda Mbamba Bay na kurudi, oili ikaanza kutoka nyuma inapoingia shafti, na pale giaboksi inapokutana na injini, mahali ambapo hapakuwahi kutoa hata tone, na sasa kwenye kilima injini inanguruma lakini gari halivuti, nikiongeza oili linakwenda kidogo, kisha linarudia yaleyale.

Kila asubuhi nafagia chini ya gari na kumwaga mchanga mpya ili mama asione. Mke wangu Benadetha ameniuliza tangu lini nimekuwa mtu wa kufagia uwanja, nikamwambia napenda usafi, akacheka mpaka akakaa chini, lakini najua ameanza kunishuku. Wendelin naye alipiga simu akasema atamtafutia mama usafiri mzuri, nikamjibu kwamba mama ana gari lake na ana mwana wa kumwendesha, nikakata simu. Wanawake wa jumuiya wameshashona sare, na wawili wamechaguliwa kukaa naye kiti cha nyuma. Upadirisho ni mwezi ujao.

Je, nibebe dumu la oili kwenye buti, niwe naongeza njiani, twende polepole tutafika? Au kuna dawa ya kuziba? Nikisema ukweli sasa hivi Wendelin atanicheka mpaka uzeeni, na mama sijui nitamtazama vipi. Kwa kweli ule mlima wa kwenda Mbinga siuogopi kama ninavyoogopa uso wa mama.

Ni mimi, Ladislaus, Chiwanda.

*

Marahaba, Ladislaus. Barua yako nimeisomea dukani katikati ya spea zangu, na nimeiweka chini mara mbili, kwanza kwa kucheka, kisha kwa hofu.

Tuanze na hofu. Umelala chini ya gari lililokaa juu ya magogo ya kushushia boti. Magogo hayo umeyachagua wewe mwenyewe, ukayachonga yawe mviringo, kusudi kitu kizito kikisukumwa kidogo tu kiserereke. Halafu ukaweka kifua chako chini yake na kuanza kuvuta spana. Kweli fundi mzima hukuliona hilo? Upadirisho ungegeuka msiba. Usirudi chini ya gari mpaka upate stendi za chuma, uziweke kwenye ardhi ngumu, siyo kwenye mchanga wa ufukweni, na uweke vigingi mbele na nyuma ya matairi yanayobaki chini.

Sasa giaboksi yenyewe. Baba yangu mzazi alikuja huku Mbinga kutoka Kilwa, na kazi hiyo ya pamba na lami naijua, kwao wanaiita kalafati. Siidharau hata kidogo. Lakini kwenye boti maji yako nje na yanataka kuingia, kwa hiyo unashindilia kutoka nje na maji yenyewe yanakusaidia kukandamiza. Kwenye giaboksi oili iko ndani, ni ya moto, inataka kutoka, na pamba yako inaisukumia mbali. Na kale kamrija ulikokaziba vizuri kabisa ndiyo pua ya giaboksi. Ikipata moto, hewa ya ndani inatanuka na kutokea hapo. Ulipoiziba, hewa ikatafuta njia nyingine, ikaisukuma oili kwenye sili, zile pete za mpira zinazozuia oili, ya nyuma na ya mbele. Uvujaji wa kwanza ulikuwa wa gasketi ya sampo. Huu wa pili umeutengeneza wewe, ndugu yangu, na ule mvuke wenye mafuta huenda ulikuwa unakuambia tu kwamba umejaza oili kupita kiasi.

Kwa hiyo kwanza zibua hiyo pua, bandua lami yote, osha giaboksi ikauke. Chukua unga wa muhogo kidogo, pakaza kwenye maungio, washa gari lipate moto hapohapo uwanjani, kisha lizime, lipande stendi, uchungulie unga umelowa wapi. Anza na palipolowa juu kuliko kwingine, maana oili hutiririka chini na kukudanganya. Kama ni sampo, mwaga oili, ifungue, kwangua gasketi ya zamani yote, nyoosha ukingo wa sampo uliouminya kwa zile nguvu zako, weka gasketi mpya na chujio jipya. Bolti zikaze kidogo kidogo, upande huu kisha upande wa pili, kwa spana fupi na mkono mmoja. Huu si ubao wa mninga. Oili jaza aina iliyoandikwa kwenye kijiti cha kupimia au kitabu cha gari, upime gari likiwa sehemu tambarare, injini ikiunguruma na ikiwa ya moto. Ile ya zamani iweke kwenye dumu, usithubutu kuimwaga ziwani. Sili ya nyuma unaweza kuibadilisha mwenyewe ukitulia. Ya mbele haibadilishwi mpaka giaboksi ishushwe, na hiyo ni kazi ya gereji, siyo ya uwanja wako.

Dawa ya chupa ya kuziba uvujaji ipo, naiuza hapa dukani, na wewe sikuuzii. Gari ambalo injini inanguruma na halivuti linaweza kuwa limeshaungua sahani za ndani. Nusa ile oili. Ikiwa imekuwa nyeusi na inanuka kuungua, gasketi peke yake haitakusaidia.

Na dumu la kwenye buti nalikataa kabisa. Oili ikidondokea ekzosi ya moto inawaka, na giaboksi ikigoma katikati ya kona za ule mlima hutakuwa na pa kuwaegesha hao kina mama waliovaa sare. Mwezi mmoja haukutoshi kushusha giaboksi, kuirudisha na kulijaribu gari mlimani bila abiria. Usijidanganye, na acha kufagia.

Najua linauma, na mimi nimekuonea huruma kweli. Umelifufua gari lililokuwa kiota cha kuku, na mama yako alilia kwa furaha kwa sababu yako. Hilo hakuna wa kukunyang'anya. Lakini leo hii, kabla ya chakula cha jioni, keti na mama, Benadetha akiwepo, umwambie gari la baba halijapona na kwamba ulimficha. Atanuna. Muache anune. Kisha mpigie Wendelin umwombe radhi kwa kumkatia simu, na uukubali huo usafiri wake. Akicheka, cheka naye. Siku yenyewe panda gari hilohilo na mama, ukae ubavuni kwake mpaka Mbinga.

Padri mpya anapomaliza Misa yake, watu hupiga magoti mbele yake kupokea baraka, na wa kwanza huwa ni wazazi. Erasmo hana mama wala baba. Atatazama watu wote waliosimama pale, na atakuwa anamtafuta bibi yake.