Rehani Yu Hai, na Uongo Niliokuficha

Dunda,
Bagamoyo.
12 Februari 2025

Mpendwa Kaka Nasor,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima hapo Maskati, na lile goti lililokusumbua wakati wa baridi limekuachia uende msikitini kwa miguu yako mwenyewe. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mardhiya ameshaanza matayarisho ya Ramadhani, na kila nikiingia jikoni ananitoa. Ana haki. Tangu nistaafu situlii: nafungua dirisha, nalifunga, nakwenda sokoni bila ya kujua nafuata nini. Hata barua hii nimeiandika nikikaa na kuinuka, siku ya nne leo.

Najua umejitoa kwenye kundi letu la wastaafu wa gazeti. Sikulaumu. Bintiyo Nadhira ameniambia mliwaita majirani mkamsomea Rehani khitma, kisha siku ya pili ukaona mstari mmoja tu: "Samahani, Rehani yu hai." Nani asingekasirika?

Ilikuwa hivi. Jumatano iliyopita mwenzetu Ausi alisikia msikitini Pangani kuwa Rehani amefariki, akatuandikia. Aliyefariki alikuwa seremala wa jina hilo, Mungu amrehemu. Sisi tukadhani ni Rehani wetu, mpiga picha, kwa kuwa simu yake ilikuwa haipatikani mwezi mzima. Nami, kaka, nikaona nimepata kazi. Kwa saa moja nikaandika taazia ndefu, nikaituma kundini. Sikumpigia mtu hata mmoja.

Alhamisi asubuhi nikapanda bodaboda hadi Mlingotini kuwahi maziko. Hapakuwa na turubai wala mkeka. Jirani yake alikuwa akianika dagaa. Nikamuuliza msiba uko wapi.

"Msiba wa nani?" akaniuliza.

Kabla sijamjibu, Rehani akatokea mlangoni, povu la sabuni kwenye shavu moja, wembe mkononi.

"Msabaha! Mbona kanzu ya Ijumaa, na leo Alhamisi?"

Nilimkumbatia na sabuni yake, kisha nikamweleza kilichonileta. Simu yake ilitumbukia majini akivua samaki, na tangu mkewe afariki anaishi peke yake, hakuona haraka ya kutafuta nyingine.

Hatujamaliza chai, bintiye Ashatu akafika kutoka Tanga. Kuna mtu alimrushia taazia yangu. Alikuwa na sanda ndani ya mkoba. Alipomwona baba yake alikaa palepale mchangani, mkoba ukiwa bado begani. Kisha akauliza, "Nani aliyeandika?"

"Mimi, mwanangu."

"Ulimuuliza nani kwanza?"

Miaka ishirini na saba niliwarudishia waandishi habari zao kwa swali hilohilo.

Rehani akataka nimsomee alivyokufa. Nikasoma. Alicheka sana nilipomwita mpole. Lakini nilipofika "aliacha kazi kwa hiari yake mwaka 1996," akaniinulia mkono.

"Kufa nimekusamehe," akasema. "Hapo, la. Mweleze mtoto ilivyokuwa."

Kaka, niliyomweleza Ashatu ndiyo ninayopaswa kukueleza wewe, na nilipaswa kukueleza zamani. Zikumbuke picha mbili za ukurasa wa kwanza: mtuhumiwa wa wizi wa magogo ya mikoko, na mzee aliyechimba kisima cha shule. Majina yakapishana, mzee wa watu akatangazwa mwizi. Ulituita ofisini kwako ukauliza nani aliyaandika vile. Rehani aliyaandika sawasawa nyuma ya kila picha. Niliyeyachanganya ni mimi, kwa haraka ya kuwahi mtambo wa kuchapa. Nilidanganya. Nilisema yalikuja vile kutoka kwake, na picha nilikuwa nimeshazichana. Ukaniamini mimi mtoto wa mjomba wako, ukaitia sahihi barua ya kumfukuza kazi.

Hilo neno "nilidanganya" utaona si mwandiko wangu. Jana nilimpelekea Rehani ukurasa huu ausome. Nilikuwa nimeandika "nilinyamaza." Alilikata, akaandika la kwake juu, akanirudishia kalamu.

Lililonikosesha raha kuliko yote ni la Ashatu. Alisema shuleni waliambiwa baba yake alikula hongo ili amchafue yule mzee, naye akaamini. Hakunitazama mimi. Alimgeukia baba yake.

"Miaka yote hii nilikuwa nakuonea aibu, baba."

"Najua," Rehani akasema. "Ndiyo maana sikuwa nakuja shuleni kwenu."

Nilitoka nje. Nilitembea hadi ufukweni nikarudi, nikatembea tena. Niliporudi nyumbani Mardhiya alinitazama tu, akaniwekea maji ya kuoga.

Jumapili niliyaandika yote kundini. Wawili wamejitoa, na sidhani watarudi. Ausi amejibu neno moja: "Hatimaye." Sijui alikuwa amejua tangu lini, na ninaogopa kumuuliza.

Sasa ombi langu. Mimi nimekiri, lakini barua ya kumfukuza ina sahihi yako, na hakuna mwingine aliye hai anayeweza kuandika kwamba ilikuwa dhuluma. Rehani hataki chochote. Anasema amezeeka na wavu wake unamtosha. Anayetaka karatasi hiyo ni Ashatu, awasomee watoto wake. Iandike kwa mkono wako, umpe mwanangu Wahida akirudi huku kutoka Maskati. Mimi usinijibu kwanza. Mjibu yeye. Zamu yangu, kama bado unayo nafasi, itafuata, na ukinikasirikia nitakuelewa.

Nisalimie sana Nadhira na mumewe Mazin, na uniombee radhi kwa majirani waliosoma khitma. Mardhiya anakuamkia. Rehani naye amesema nikupe salamu. Nimemuuliza mara mbili kama kweli niziandike, akasema ziandike.

Mwenyezi Mungu akupe siha, akufikishe Ramadhani ukiwa na moyo mkunjufu.

Wako akupendaye, aliyekukosea,
Msabaha