Alama Kwenye Kope la Mtoto

Mjukuu wangu Nafula,

Shangazi yako Nekesa alipoteza jicho la kulia kabla hajamaliza mwaka mmoja. Salamu ndio hizi sasa: hapa Kiplombe tuko wazima, na ng'ombe amezaa.

Nasikia unaogopa kumpa mtoto wako mchanga dawa ya presha aliyoandikiwa kutibu alama nyekundu kwenye kope. Nilimuuliza daktari hapa mjini. Akasema, "Mama, hiyo ni mishipa ya damu inayokua kupita kiasi. Dawa inaibana, inaacha kukua, inanywea. Lakini ianze mapema."

Nekesa alizaliwa na alama kama hiyo. Mama mkwe wangu akapiga vigelegele: "Mama yangu amerudi na alama yake!" Akampa jina la marehemu, na alama ikawa haiguswi. Hospitali nikakatazwa. Ilivimba ikafunika jicho. Baadaye ilinywea yenyewe, lakini jicho halikuwa limejifunza kuona. Hakuna aliyeniambia pole.

Mnyonyeshe kwanza, ndipo umpe dawa. Akikataa kunyonya, usimpe, mpigie daktari.

Nijibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana: umeanza dawa, au hujaanza?

Nyanya yako