Waya Hazikunjwi kwa Kiwiko

Free Area, Nakuru

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimia sana. Baridi ya Keringet imepungua? Na baba analala, ama kile kifua bado kinamsumbua? Mimi ni mzima wa mwili. Barua hii nimempa dereva wa lori la viazi kwa sababu nikipiga simu wewe huweka sauti juu, na haya sitaki baba asikie.

Mama, kazi imeisha.

Unajua kwa ile kampuni ya kukodisha spika mimi ndiye nilikuwa mtu wa waya. Kila waya naikunja pole pole nikifuata vile inajipinda yenyewe, kisha naifunga na kitambaa, chekundu kwa zile za maiki, cheusi kwa zile za spika. Basi tukaenda matanga huko Kuresoi. Jioni mvua ikatishia, wazee wa pale wakaja kunisaidia kufungasha. Nikawaomba waache. Mmoja akaniambia, "Kijana, kwa matanga mtu hafanyi kazi peke yake. Kukataa ni kutudharau." Nikawaachia. Wakazikunja zote kwa kiwiko, wakivuta kwa nguvu, vile sisi hukunja kamba ya ng'ombe. Kwa nje zilikuwa sawa. Ndani zilikatika.

Kesho yake tulikuwa na mazishi Molo, hata nafasi ya kuzijaribu hatukupata. Mjane aliposimama kuongea, sauti ikapotea. Nikabadilisha waya, na hiyo kimya. Binti yake alikuwa anafuatilia kwa simu akiwa ng'ambo, akaona tu midomo ya mama yake ikienda. Mazishi hayarudiwi, mama.

Bosi hakupiga kelele. Aliuliza, "Mfuko wa waya ni wa nani?" Nikasema ni wangu. "Basi uwache hapo."

Nimezunguka kwa watu wote wa sauti hapa mjini na habari imenitangulia. Sioni pa kushika, nisikudanganye.

Kinachoniuma zaidi ni baba. Kila nikija nyumbani ananiambia siku yake ikifika niweke sauti mwenyewe, ndugu yangu aliye Qatar asikie kama amekaa mbele. Nilimkubalia. Sasa sina hata waya moja.

Nisalimie shangazi anayeuza maziwa, na jirani anayetukamulia ng'ombe. Baba usimwambie lolote. Mwambie tu namsalimia, na asiwe na haraka.

Ni mimi mwanao,
Kiprono