Wewe Uliyeanza na Ukurasa wa Mwisho

Kaka yangu mpendwa,

Naogopa. Naanza na hilo kwa sababu hukuwahi kupenda barua zinazozunguka mbuyu kwa salamu kabla ya kusema jambo. Mbele yangu mezani kuna karatasi iliyokunjwa mara nne na kufungwa kwa kamba ya mgomba. Imefika hapa Mpofi asubuhi hii kwa pikipiki kutoka machimbo ya dhahabu ya Omate. Ndani yake mna majina ya waliotolewa wakiwa wamekufa katika lile shimo lililoanguka siku ya mvua kubwa. Saa kumi, watu wakirudi kutoka mashambani, natakiwa kuisoma kwa sauti mbele ya kanisa. Sasa ni saa saba na nusu na sijaifungua.

Hapa karatasi ya shimo ina desturi yake. Haifunguliwi kabla watu hawajakusanyika, ili mama mmoja asianze kulia huku mwenzake bado anacheka sokoni. Na anayeisoma lazima awe mtu ambaye hana ndugu kule. Wanasema mwenye ndugu macho yake hukimbilia jina moja, sauti inakatika, na wengine wanabaki hawajui lao. Ndiyo maana shefu wa kijiji alikuja kwangu shuleni, kofia mkononi.

"Dada mwalimu, weye njo utatusomea," akasema. "Sisi wote tuko na batoto mule. Weye peke yako hauna muntu ku Omate."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Kaka, niliipokea. Mwaka wa pili huu naishi Mpofi na sijamwambia mtu yeyote kwamba nina kaka, sembuse kwamba anachimba Omate. Sisi tuliokimbia vita Masisi tulijifunza kujibu machache. Ukiulizwa una nani, unasema uko peke yako, basi, maneno yanaisha. Uongo huo ulinilinda siku nyingi, na leo umenikalisha mbele ya meza hii. Naiandika barua hii wazi, yeyote wa hapa akitaka aisome, maana kuficha kumenichosha.

Acha niongee nawe juu ya riwaya, kama tulivyofanya nyumbani Karuba, kule Masisi, tukipukuchua maharage, labda saa zitasogea.

Unakumbuka ile nene yenye jalada la kijani, ambayo kila mwalimu aliapa kwamba ni lulu? Nimeirudia mwaka jana. Kurasa mia za kwanza ni milima na ukoo wa mfalme, baba wa babu wa nani. Sisi tumezaliwa milimani, hatuhitaji kurasa mia kuambiwa kwamba mlima unachosha. Nilimaliza kwa ukaidi tu. Lakini nakiri, sehemu ile malkia anapowaosha miguu watumwa wake, nilifunga kitabu, chai ikapoa mbele yangu. Wewe uliiita godoro. Ulisema inafaa kulalia, na kweli uliilalia.

Na ile ya mapenzi, iliyopita mikononi mwa wasichana wote wa internat, bweni letu la shule, mpaka jalada likawa laini kama kitambaa? Nililia nayo mara tatu nikiwa na miaka kumi na sita. Nimeisoma tena nikiwa mtu mzima, nikaona yule kijana wa viatu vinavyong'aa ni mwongo tangu ukurasa wa pili, na msichana hana kazi nyingine ila kusimama dirishani. Hata kuni hachanji. Nilijionea aibu kwa machozi yangu ya zamani, halafu nikaacha kuona aibu, maana yalikuwa ya kweli.

Ile ya upelelezi sikuwahi kuisoma vizuri, na kosa ni lako. Nilikuwa nimefika sura ya nne, niko juu kwenye shamba la maharage nawinga ndege, ukapiga kelele kutoka bondeni mpaka majirani wakasikia: "Ni shemeji yake njo alimuua!" Nilikurushia bonge la udongo, likampata mbuzi wa Papa.

Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yako, kuanza na ukurasa wa mwisho. Kitabu chochote kikiingia nyumbani ulikigeuza kwanza, ukasoma mwisho umesimama, ndipo ukakaa chini na kuanza mwanzo. Nilikuambia huo ni wizi. Nilikuambia mwandishi amepanga chakula na wewe unaingia jikoni kulamba sufuria. Hukukasirika. Ulisema: "Nikijua nani atakufa, naweza kumupenda bila woga."

Nilicheka siku ile. Leo sicheki, kwa sababu mwisho wangu uko hapa mezani umefungwa kamba, na sina ujasiri wako.

Sasa nifike kwenye kitabu cha Mwamini. Jina lake halisi hatukulijua, kilitufikia bila jalada, tukakiita kwa jina la yule msichana anayevuka nchi nzima akimtafuta mama yake. Nilikuwa na homa mwaka ule, wiki mbili kitandani, nawe ulinisomea kila jioni kabla ya chakula. Tulikuwa tumefika pale Mwamini anasimama ukingoni mwa mto uliofurika. Kesho yake ukafungua kitabu, kurasa za mwisho hazipo. Mama alikuwa amezitumia kufungia fromaji zake, jibini za kuuza, na kwenda nazo soko la Mushaki.

Mama hakuelewa kilio chetu. "Karatasi iko karatasi," alisema. "Bateja banapenda fromaji yenye kufungwa muzuri. Mulitaka nifunge na majani?" Ukaenda Mushaki kwa miguu, ukauliza mteja mmoja mmoja, ukarudi na ukurasa mmoja wenye mafuta ambao haukuwa hata wa mwisho. Papa alicheka mpaka akakohoa. Bado nikisikia harufu ya jibini namkumbuka Mwamini, na huu si ushairi, ni tumbo tu linalokumbuka.

Jioni ile ukaketi kando ya kitanda changu ukanimalizia hadithi kutoka kichwani. Mto ulipungua. Mwamini alivuka. Mama yake alikuwa ng'ambo akianika mihogo, na wote waliotajwa tangu mwanzo walifika, hata yule mzee kiwete, hata mbwa. Nikakuuliza, "Hata mbwa?" Ukasema, "Mbwa njo alitangulia." Nililala na homa ikashuka, na Mama akawashukuru watakatifu wake wote. Wewe hukushukuriwa.

Miaka ikapita, tukakimbia Karuba na godoro moja na sufuria, tukatawanyika. Hapa Mpofi nikakikuta kitabu kile, kizima, katika sanduku la vitabu vya parokia. Nilikijua kwa mstari wa kwanza. Nikakisoma siku moja, wanafunzi wakaandika imla wenyewe kwa wenyewe. Mwamini anazama. Ndivyo kinavyoisha, kurasa mbili, maji tu, na mama yake hatajwi tena.

Nilikasirika vibaya. Nikapanda kilima kimoja hapa chenye rezo, mtandao wa simu, nikakupigia nikidhani nakupasha habari. Ukasema, "Nilijua. Nilisoma mwisho siku kitabu kilifika, mbele ya Mama kuchukua kurasa." Nikakuuliza kwa nini basi ulinidanganya. Ukajibu: "Ulikuwa na homa, mudogo wangu. Ningekuambia nini?"

Tukabishana mpaka salio likaisha. Nilisema mwandishi anayemzamisha msichana ili aonekane ana mawazo mazito ni mwoga. Hapo hapo nikasema na wewe ni mwoga, kwa sababu unaokoa kila mtu, na hadithi ambayo kila mtu anafika si hadithi, ni bembelezi. Ukasema labda. Ukasema wachimbaji wenzako wanakuita Mwalimu, unawasimulia riwaya jioni na kuwaandikia barua za nyumbani, na kila usiposimulia mwisho mwema wanakutupia kandambili. Nilikata simu bila kukuaga vizuri. Mara ya mwisho uliponipigia rezo ilikuwa mbovu, nikasikia tu kwamba mmehamia shimo jipya karibu na kijito. Kisha mvua ikaja, na watu wa pikipiki wakaleta habari kwamba ni shimo la karibu na kijito.

Niseme wazi ninachoogopa. Naogopa jina lako limo humu. Naogopa pia kwamba halimo, kwa sababu waliobaki chini bila kutolewa hawaandikwi. Naogopa kusimama mbele ya kanisa nikifika kwenye jina lako nikashindwa, na akina mama ambao majina ya watoto wao yako chini ya lako wanitazame mdomo. Nimefikiria kumrudishia shefu karatasi yake, lakini nitamwambia nini, kwamba nimewadanganya wote tangu nifike? Nimekwenda chooni mara tatu, na hilo nakuambia kwa sababu wewe ni kaka yangu na ungecheka.

Dirishani namwona Mama Riziki. Ndiye anayeniachia ndizi kila Jumamosi na kukataa shukrani. Anafagia mbele ya kanisa na kupanga mabenchi mwenyewe, hataki msaada, anafagia palipokwisha kufagiwa. Mwanawe wa kwanza yuko Omate. Wote wanajua, maana yeye hakumficha.

Kaka, nimevunja desturi. Nimefungua kamba. Nimefumba macho, nikakunjua karatasi, nikafanya kama wewe, nikaweka kidole chini kabisa ili nianze na mstari wa mwisho.

Kabla sijasoma neno nimeujua mwandiko.

Herufi zinalala nyuma kama mtu anayemvuta mbuzi aliyegoma. Ni mkono wako wa kushoto, ule ambao mwalimu wa Karuba aliupiga fimbo na haukubadilika. Chini ya kila jina kuna mstari ulionyooshwa kwa rula, kama Papa alivyotufundisha. Umeiandika wewe. Uko juu ya ardhi, una kalamu, na kuna mtu amekupa kitu cha kuandikia juu yake. Nimelia na kitambaa mdomoni, Mama Riziki asinisikie. Nimefurahi, Kaka, nimefurahi mpaka nikaona aibu, kwa sababu juu ya ule mstari wa mwisho kulikuwa na majina.

Ni saba. Nimeyasoma. La tatu ni Riziki.

Unayajua majina haya kuliko mimi, kwa hiyo sitayarudia hapa. Hao ndio waliokutupia kandambili. Uliwaandikia barua za kwenda kwa mama zao na sasa umewaandikia hii. Nimeitazama karatasi mbele na nyuma nikitafuta mahali ulipomwokoa mtu, nimezoea hivyo kwako. Hukumwokoa hata mmoja. Wewe uliyemvusha Mwamini na mzee kiwete na mbwa, hapa umeandika kama ilivyokuwa. Nilikuita mwoga kwenye simu. Nalifuta neno hilo leo, kwa wino.

Na ule mstari wa mwisho, ambao ulimwandikia msomaji usiyemjua, nao nimeusoma. "Mwenye kusoma, soma pole pole. Anza na wa kwanza."

Nimecheka kidogo, Mungu anisamehe. Maisha yako yote ulianza na mwisho, halafu mimi, mara moja tu nilipokuiga, nikakuta umeniwekea katazo pale chini.

Bado naogopa. Nilidhani woga utaisha nikijua uko hai, kumbe umehama tu chumba. Sasa naujua mwisho na Mama Riziki bado anafagia. Amemaliza ngazi na anarudi tena kwenye mabenchi. Ulisema ukijua nani atakufa unaweza kumpenda bila woga, na mimi nakuambia si kweli, au labda ni kweli kwa vitabu tu. Kumtazama mtu akifagia hali unajua asichojua ni jambo baya kuliko yote niliyowahi kusoma.

Nitatoka mapema nimwambie shefu kwamba nina kaka Omate, kwamba ndiye aliyeandika karatasi, na kwamba nimeifungua. Akitaka kumpa mwingine aisome, ampe. Akiniacha, nitasimama karibu na benchi la Mama Riziki, si kwenye ngazi. Sauti yangu utaisikia huko kama rezo itakubali, lakini rezo haikubali.

Usirudi kwenye shimo lile. Panda pikipiki yoyote inayokuja upande huu. Leo nitakuwa nimekutaja kwa kila mtu, ukifika uliza tu nyumba ya mwalimu. Nina kile kitabu cha Mwamini, kizima, na ukitaka tutakisoma tena sote wawili, kuanzia mwanzo, na tukifika mtoni tutasimama kwanza.

Nimemwambia shefu yote, naye amesema nisome mimi. Kengele imelia. Watu wanakaa. Nachukua karatasi yako, Kaka, naenda kuanza na wa kwanza.

Mimi uliyenisomea nikiwa na homa,
mdogo wako.