Raba Zilizokuwa Juu ya Kabati

Baba Loise,

Maharagwe yameiva, yako kwa sufuria nyeusi. Loise ayakaangie kitunguu tu. Usisahau kuanua nguo za shule. Nikitoka ofisini naenda moja kwa moja na mwenzangu Mbula kwa yale mawe nyuma ya stesheni. Nitarudi kabla ya giza.

Raba zangu nimeziona. Mtu anajua mkewe hupanda mawe, halafu anazificha juu ya kabati!

Lakini maneno ya asubuhi yameniuma. Ungeniambia tukiwa wawili, si mbele ya watoto wakinywa chai, eti mama mzima anaparamia mawe kama pimbi, mtaa wote wa Kaloleni unacheka. Mawe yenyewe hayapiti paa la nyumba, na mmoja akipanda, mwenzake yuko chini amenyoosha mikono amdake.

Nimechoka, Baba Loise. Kutwa nachapa barua za ofisi, nikifika hapa nawasha jiko. Wenzangu wakiudhiwa na waume zao hufunga nguo kwa leso wakaenda kwao, mpaka mume awafuate na wazee. Mimi nikifika juu ya lile jiwe kubwa nauona mlima wa Kasigau, najua mama yuko pale chini, kwetu Rukanga, anapalilia. Nautazama kidogo, kisha nashuka, narudi kuwapikia.

Mwaka huu nimeenda kwetu hivyo mara nyingi, na hujasumbua mzee hata mmoja.

~~Usiningoje.~~ Niwekee chai kwa chupa.

Mama Loise